Mlango wa paneli unapiga shoti: kutafuta ethi kwenye mtambo wa kupikia bia nyumbani

Mtambo umekamilika. Sufuria mbili, pampu, elementi ya wati 5500, na sanduku la chuma lenye swichi na taa za kupendeza. Unanyoosha mkono wenye majimaji kuwasha pampu, kiganja kinagusa mlango wa sanduku, na unasikia kama siafu wanatembea juu ya ngozi. Unagusa ubavu wa sanduku lilelile: kimya. Hapo fundi mzoefu hahitaji kuambiwa zaidi. Sanduku lina ethi, yaani waya wa usalama unaoupa umeme uliovuja njia ya kurudi; mlango hauna.

Wengi hubisha wakiambiwa hivyo. Mlango si umeshikwa na bawaba mbili za chuma, na bawaba si zimefungwa kwenye sanduku? Ni kweli. Lakini masanduku mengi ya aina hii hupakwa rangi ya unga ndani na nje, na rangi hiyo ikishaokwa huwa ngumu kama kauri. Pini ya bawaba inacheza, pengine ina grisi. Pembezoni mwa mlango kuna raba ya kuzuia mvuke. Rangi, grisi na raba, vyote vinazuia umeme. Leo pini imekwaruza rangi mahali fulani, kwa hiyo multimita (kifaa cha kupima umeme) inalia kuonyesha njia ipo. Kesho umefungua mlango mara tatu, pini imehama, hailii tena. Na mlango huohuo ndio umebeba swichi, taa na vidhibiti joto. Nyaya za moto zilizojazana mgongoni mwake mara nyingi ni nyingi kuliko zilizo kwenye kuta nyingine za sanduku.

Kabla ya kufungua

Chomoa plagi. Usitosheke na swichi kuu iliyo mlangoni, maana nyaya zinazoiingia bado zina moto hata ikiwa imezimwa. Kama mtambo umeungwa ukutani bila plagi, zima breka yake na uifunge ili mtu asije akaiwasha kwa nia njema huku mkono wako uko ndani. Kisha pima: gusa kwa testa kwanza soketi unayojua ina umeme, pima ndani ya sanduku, rudi upime soketi ileile. Testa iliyoharibika itakuambia kila waya umekufa.

Karibu vipimo vyote vilivyo hapa hufanyika plagi ikiwa nje. Vichache vinavyohitaji umeme ukiwa hewani nitavitaja, na hivyo mwachie fundi umeme aliyesomea kazi hiyo.

Mlango unawasha vidole, sanduku haliwashi

Chukua multimita, weka kwenye omu. Gusanisha ncha zake mbili kwanza uone waya zake zenyewe zina omu ngapi. Nyingi husoma kati ya 0.1 na 0.5. Kumbuka namba hiyo, utaitoa kwenye kila kipimo. Ncha moja iweke kwenye pini ya ethi ya plagi, nyingine kwenye chuma kitupu cha mlango. Chuma kitupu, nasema, kwa sababu ukigusa rangi utapata jibu la rangi. Uzi wa bolti au ukingo uliokwanguliwa ndani ya mlango unatosha.

Ukiondoa omu za waya za kipimo, kinachobaki kiwe karibu na sifuri, na kisizidi omu 0.1 kati ya mlango na ubao wa ethi ulio ndani ya sanduku, yaani baa ambapo nyaya za ethi hukutana. Ukisoma omu 3, au 40, au mita ikisema hakuna njia kabisa, umepata ugonjwa.

Sasa huo mwasho unatoka wapi, ikiwa hakuna waya uliochubuka? Vifaa vya siku hizi vyenye ugavi wa umeme wa kielektroniki huwa na vichujio vya kelele ndani yake: kapasita mbili ndogo, moja kutoka waya wa moto hadi chuma, nyingine kutoka nyutro hadi chuma. Chuma hicho kisipokuwa na ethi huelea katikati. Kwenye umeme wa volti 230 utakuta takriban volti 115 kati ya mlango na ethi. Mkondo wake kwa kawaida hauzidi miliampia moja, ndiyo maana unawasha tu. Ukiunga ethi, mwasho unatoweka.

Ila usijitulize na maelezo hayo mpaka umepima. Waya wa moto uliochubuka nyuma ya swichi nao huanza kwa kuwasha vidole kama umesimama kwenye sakafu kavu na viatu vya raba. Siku sakafu ikilowa kwa maji ya kimea, hadithi ni nyingine. Mkondo wa miliampia 10 hivi unaweza kukaza misuli mkono usiweze kuachia, na kuanzia miliampia 30 moyo uko hatarini.

Tiba ni waya wake wenyewe, kutoka mlango hadi sanduku. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi huharibika.

Tumia waya laini wa nyuzi nyingi, wa rangi ya kijani yenye mstari wa njano, au mkanda bapa wa shaba iliyosukwa na kupakwa bati. Unene wake usiwe chini ya ule wa waya mnene zaidi wa moto unaofika mlangoni. Mimi huenda mbele zaidi: naupa mlango unene uleule wa ethi inayoingia na kebo kuu, kwa sababu sitaki kukumbuka mahesabu siku nitakapoongeza swichi nyingine. Waya wa kukakamaa wenye uzi mmoja usiutumie. Ukikunjwa kila siku utakatika.

Milango mingi huja na bolti fupi iliyochomelewa ndani, yenye alama ya ethi pembeni. Hiyo ndiyo kazi yake. Kama haipo, toboa tundu na uweke bolti yake maalumu na nati. Usitumie skrubu inayoshikilia kidhibiti joto wala bolti ya kitasa: siku utakapobadilisha kifaa hicho utaondoka na ethi mkononi. Skrubu za bati zinazojichimbia njia nazo hapana. Uzi wake unashika chuma chembamba kwa mzunguko mmoja tu, na mtikiso wa kufunga mlango utaulegeza.

Kwangua rangi kuzunguka bolti kwa msasa mpaka chuma king'ae, duara pana kidogo kuliko lagi, kile kichwa cha chuma kinachobanwa mwishoni mwa waya. Mpangilio wangu ni huu, kuanzia kwenye chuma: wosha ya meno, lagi ya pete, wosha bapa, wosha ya springi, nati. Meno ya wosha huuma chuma na lagi kwa pamoja. Paka grisi kidogo ya kuzuia kutu juu ya kiungo baada ya kukaza, kwa kuwa mvuke wa sufuria huingia kila mahali. Ikiwa mlango ni wa alumini, grisi hiyo iwepo na kabla ya kukaza, kwani alumini iliyokwanguliwa hujivika tabaka jipya linalozuia umeme papo hapo.

Lagi ibanwe kwa koleo lake, si kwa risasi ya kuchomelea peke yake. Risasi hunyonywa ndani ya nyuzi, ikiganda waya unakuwa mgumu sehemu ya mwisho, na pale ugumu unapoishia ndipo unapokatika. Pitisha waya karibu na bawaba, uache kitanzi cha kutosha mlango ufunguke hadi mwisho bila waya kuvutika.

Na kama mlango wako unatoka kabisa kwa plagi ya nyaya nyingi, hakikisha pini ya ethi ndiyo ya kwanza kushika na ya mwisho kuachia.

Waya upo, lakini kipimo kinarukaruka

Hili ndilo linalodanganya kuliko yote. Waya wa kijani na njano unauona kwa macho, umekazwa, na bado multimita inasoma 0.4, mara 2, mara 0.1.

Anza na jambo hili: nusu mita ya waya wa milimita za mraba 4 ina takriban omu 0.002. Kwa hiyo waya mzima hauwezi kuwa na kosa unaloliona; kosa liko kwenye viungo vyake viwili, au waya si mzima. Acha ncha moja ya mita kwenye ubao wa ethi na uisogeze nyingine hatua kwa hatua: lagi ya upande wa sanduku, lagi ya mlango, nati, kisha chuma cha mlango. Pale namba inaporuka ndipo penye tatizo. Ikiruka kati ya lagi na chuma, kuna rangi chini. Bolti zilizochomelewa kiwandani mara nyingi hupakwa rangi pamoja na mlango, na nati ikikazwa juu ya rangi huonekana imeshika vizuri kabisa.

Kisha fungua na ufunge mlango polepole ukitazama mita. Namba ikicheza mlango ukiwa kwenye pembe fulani, nyuzi zimekatika ndani ya ganda. Ganda la plastiki huficha hilo kwa miaka.

Kuna mtego mwingine, na ulinikamata. Multimita hupitisha mkondo mdogo mno kwenye kipimo cha omu. Uzi mmoja wa shaba uliobaki kati ya hamsini utasoma karibu na sifuri, na mlango utaonekana mzima. Hitilafu ya kweli ikija na mamia ya ampia, uzi huo utayeyuka kabla breka haijakata. Niliwahi kupitisha paneli yangu kwa kipimo cha namna hiyo, na waya ukabaki mkononi nilipouvuta.

Mafundi wana mashine ya kupima ethi kwa ampia 10 au zaidi. Asiye nayo anaweza kutumia betri ya volti 12 na balbu ya taa kubwa ya gari ya wati 55, plagi ya mtambo ikiwa nje. Weka fyuzi kwenye waya wa betri. Chanya ya betri iende kwenye balbu, balbu kwenye chuma cha mlango, na ubao wa ethi wa sanduku urudi kwenye hasi. Sasa zaidi ya ampia 4 zinapita kwenye kiungo chako. Weka multimita kwenye milivolti, upime kati ya chuma cha mlango na ubao wa ethi, mbali kidogo na pale waya za betri zilipobana. Chini ya milivolti 50 uko salama. Hiyo ni kama omu 0.01. Ukiona 400 na kupanda, kiungo ni kibovu hata kama mita ilikuwa ikilia kwa furaha. Tikisa waya huku ukiangalia: mwanga wa balbu ukipepesa, kata lagi zote mbili uanze upya. Bawaba nazo zisikudanganye kwenye kipimo hiki. Zifungue, au weka karatasi kati yake na sanduku, ili ujue unapima waya peke yake.

Kila kitu kinawasha: mlango, sanduku, sufuria

Hapa usipoteze muda na mlango. Mlango umeungwa vizuri na sanduku, na vyote viwili vimekosa ethi ya jengo. Pima kutoka pini ya ethi ya plagi hadi ubao wa ethi. Kama njia ipo, tatizo liko kwenye soketi au nyuma yake: pini imelegea, kebo ya kuongezea ina waya mbili tu, au soketi haikuungwa ethi tangu mwanzo. Hapo mwite fundi.

Wapo wanaojibu kwa kuchimbia chuma uani na kuvuta waya hadi kwenye sanduku. Fanya hesabu kwanza. Tuseme chuma hicho kina omu 25 dhidi ya ardhi, na wala si kibaya kwa kipimo cha vyuma vya aina hiyo. Volti 230 gawanya kwa 25 ni ampia 9.2. Breka ya ampia 16 haitashtuka, itaendelea kubeba siku nzima, na mlango wako utakuwa na umeme siku nzima. RCD, kifaa kinachokata umeme kikiona mkondo unavuja, ingekata, lakini maisha yako yote utakuwa umeyaweka juu ya kifaa kimoja. Ethi ya mtambo ifuate kebo moja na nyaya zinazoleta umeme.

Sufuria nayo ina hadithi yake. Mipira ya silikoni inayoiunganisha na pampu haipitishi ethi, na elementi iliyofungwa kwa raba na nati si lazima iguse chuma cha sufuria ipasavyo. Kila sufuria yenye elementi ipate ethi yake kupitia kebo ya elementi, na upime hadi kwenye ukingo wa sufuria kama ulivyopima mlango.

RCD inakata tangu nilipounga ethi ya mlango

Kishawishi ni kikubwa cha kutoa ule waya mpya, kwa kuwa kabla yake mtambo ulifanya kazi. Usiutoe. Uvujaji ulikuwepo, ulikuwa ukingoja mtu aguse mlango ili upate njia. Sasa umepewa njia nyingine.

Ondoa kebo ya elementi kwenye paneli, kisha washa. RCD ikitulia, mshukiwa ni elementi. Ndani ya ganda lake kuna unga wa magnesiamu oksidi unaozuia umeme, na unga huo hunyonya unyevu elementi ikikaa muda mrefu bila kutumika, au pale muhuri wake unapopasuka. Multimita hutumia volti chache, kwa hiyo unyevu kidogo haiuoni kila mara. Fundi atatumia mega ya volti 500, kipimo cha uimara wa kizuizi cha umeme, na chini ya megaomu 1 hataikubali. Elementi yenye unyevu tu hupona ikikaushwa kwa joto la wastani, muhuri wa raba na plastiki vikiwa vimetolewa. Iliyopasuka itupe.

RCD ikiendelea kukata bila elementi, angalia kama mtu aliunganisha nyutro na ethi ndani ya sanduku. Kosa hili ni la kawaida kuliko unavyodhani, kwa sababu mtu huona baa mbili zinafanana na kudhani ni familia moja. Nyutro na ethi hukutana kwenye mwingilio wa umeme wa jengo tu. Zikikutana na kwenye paneli yako, sehemu ya mkondo wa kawaida hurudi kupitia ethi, RCD inaona upungufu na kukata. Pasipo RCD ni vibaya zaidi: mtambo utafanya kazi vizuri huku ethi ikibeba mkondo kila siku, na nyutro ikikatika mlango utakuwa na umeme.

Ikikata pale tu unapofunga mlango, tafuta waya uliobanwa kati ya mlango na ukingo, au ncha ya waya iliyochomoza nyuma ya swichi na kugusa rafu ya vidhibiti.

Breka haikukata ingawa waya wa moto uligusa mlango

Hili likitokea umepona kwa bahati. Fikiria njia nzima ya hitilafu, kwenda na kurudi, ina omu 0.5: volti 230 zitasukuma ampia 460, na breka ya aina C ya ampia 32, ambayo inaweza kuhitaji hadi ampia 320 ili ikate mara moja, itakata. Sasa ongeza kiungo kibovu cha omu 2 kwenye mlango. Mkondo unashuka hadi ampia 92. Breka itasubiri sekunde nyingi mpaka ipate joto, na muda wote huo mlango una volti 184, yaani 92 mara 2. Rangi uliyoona uvivu kuikwangua ndiyo iliyotengeneza hizo omu 2.

Kitufe cha dharura kinapiga shoti

Baadhi ya paneli za wapika bia zimeundwa hivi: kitufe chekundu kikibonyezwa hupeleka mkondo mdogo kutoka waya wa moto hadi ethi kupitia rezista, makusudi, ili RCD ione uvujaji na kukata. Ni ujanja wa bei rahisi, nami siupendi. Ethi ikikatika kati ya sanduku na ukuta, kubonyeza kitufe hicho kunapeleka umeme kwenye mlango, sanduku na sufuria kwa mpigo, wakati uleule mkono wako uko juu ya mlango. Na RCD haitakata, maana mkondo haujapata pa kwenda isipokuwa kupitia kwako. Kama paneli yako ni ya namna hiyo, ibadilishe: kitufe kikate umeme wa koili ya kontakta (swichi kubwa inayoendeshwa kwa sumaku ya umeme), na kontakta ikate nyaya zote za mzigo.

Joto linarukaruka elementi ikiwaka

Mara nyingi si ethi ya mlango yenyewe. Kipima joto kinagusa sufuria yenye ethi kwa upande mmoja, na ganda la nyuzi za chuma la kebo yake limeungwa ethi tena mlangoni. Acha ganda hilo liungwe upande mmoja tu, na uitenge kebo na nyaya nene za elementi.

Kabla ya kufunga mlango

Swichi za chuma zenye taa nazo zipime. Mwili wake umekaa juu ya rangi ya mlango kama mlango ulivyokuwa umekaa juu ya rangi ya sanduku, na ndicho chuma unachokigusa kuliko kingine chochote. Kama kipimo hakifiki kwenye shingo ya swichi, kwangua rangi upande wa ndani chini ya nati yake na uweke wosha ya meno. Kaza kila nati ya ethi, weka alama ya kalamu inayovuka nati na bolti ili ujue ikilegea, chomeka, kisha bonyeza kitufe cha T cha RCD kabla hujajaza maji.